Shabu, Chokaa na Maji ya Kunywa: Jinsi Kitu Kigumu Kinavyozaliwa Ndani ya Maji Maangavu

Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, tangu Pumwani na Kaloleni hata Umoja, Kayole na Embakasi, maji ya nyumbani huja kwa njia mbili. Yako maji ya mfereji, yatokayo mbali katika milima ya Nyandarua. Na yako maji ya visima virefu vilivyochimbwa kwa mashine, ambayo wenyeji huyaita maji ya chumvi. Siku ambazo mfereji umekauka, wachuuzi hupita na mikokoteni yenye mitungi ya lita 20, na mama wa nyumba hununua bila ya kujua maji hayo yalitoka wapi. Huchungulia ndani ya mtungi, na akiona maji ni maangavu, moyo wake hutulia.

Lakini wazee walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Maji nayo ni vivyo hivyo. Yaweza kung'aa kama kioo, na ndani yake mna vitu ambavyo jicho halivioni, wala kitambaa hakivichuji, wala moto hauviondoi. Ili kuvitoa, yapasa kwanza vigeuzwe kuwa vigumu, vipate kuonekana na kuzama. Kitu kigumu kinachotokea hivyo ndani ya maji twakiita mashapo. Msomaji atakayefahamu jinsi mashapo yanavyozaliwa atajua maji ya Nairobi husafishwaje. Na zaidi ya hayo, atajua ni maji gani hayafai kumpa mtoto mdogo siku zote, hata yakiwa yamechemshwa vizuri.

KUYEYUKA SI KUPOTEA

Mtu akitia sukari katika chai na kukoroga, sukari haionekani tena. Je, imepotea? La, ulimi waijua. Hata akiichuja chai ile kwa kitambaa kizito, utamu hupita pamoja na maji. Sukari imegawanyika katika vipande vidogo mno, na kila kipande kimezungukwa na maji pande zote. Hali hiyo ndiyo kuyeyuka.

Tope si hivyo. Ukichota maji ya mto wakati wa masika, udongo ulio ndani yake haukuyeyuka, bali unaelea. Maji huwa mekundu, nuru haipiti vizuri, na ukiyaacha yatulie, sehemu ya udongo huzama chini. Basi yatupasa tangu mwanzo kutofautisha mambo mawili: kitu kinachoelea, na kitu kilichoyeyuka. Cha kwanza huonekana. Cha pili hakionekani.

Kila kitu kina kipimo chake cha kuyeyuka. Chumvi ya jikoni huyeyuka kwa wingi: mililita 100 za maji huweza kuchukua gramu 36 hivi. Ukizidisha, chumvi iliyozidi hukaa chini, kwa maana maji yameshiba. Nayo maji yakipunguzwa kwa jua, chumvi hurudi kuwa ngumu. Ndivyo chumvi inavyopatikana katika mashamba ya chumvi ya Gongoni na Ngomeni, upande wa kaskazini wa Malindi. Ndivyo pia ilivyo katika ziwa Magadi: chemchemi za moto huleta maji yenye magadi, jua kali hunywa maji, na magadi hubaki juu ya ziwa kama sakafu nyeupe. Wapishi wa Nairobi walainishao maharagwe kwa magadi wanatumia kazi hiyo ya jua.

Lakini huko Gongoni na Magadi hakuna kitu kipya kilichofanyika. Kilichoyeyuka ndicho kile kile kilichorudi. Iko njia ya pili, ambayo ni ya ajabu zaidi: maji mawili maangavu yakichanganywa, mara hutokea weupe kama maziwa, bila ya jua wala moto. Hapo kimezaliwa kitu ambacho hakikuwamo katika maji ya kwanza wala ya pili.

JARIBIO LA CHOKAA NA PUMZI

Jaribio hili laweza kufanywa na mwalimu mbele ya wanafunzi wake. Na atie kijiko kimoja cha chokaa ya kupaka kuta katika chupa ya maji safi, aitikise, kisha aiache usiku mmoja. Asubuhi chokaa nyingi itakuwa imezama, na maji ya juu yatakuwa maangavu. Ayamimine maji hayo ya juu polepole katika glasi, kisha apulize pumzi ndani yake kwa mrija. Baada ya muda mfupi maji yatageuka meupe. Na aangalie sana asiyavute maji hayo kinywani, wala yasimrukie machoni, kwa sababu chokaa huunguza.

Weupe ule umetoka wapi? Katika maji ya chokaa mna vipande vya madini yaitwayo kalsiamu, vilivyoyeyuka. Vipande hivyo vina nguvu ya umeme, na wataalamu huviita ayoni. Pumzi ya mtu nayo ina hewa ukaa, ambayo ikiingia katika maji ya chokaa hugeuka kuwa ayoni nyingine zenye umeme wa namna ya pili. Ayoni za namna mbili zikikutana huvutana. Mara nyingi maji yana nguvu ya kuzitenga, kama yanavyofanya kwa chumvi. Lakini kalsiamu na mwenzake huyu hushikamana kwa nguvu kuliko maji yanavyoweza kuzivuta. Hushikana mbili, nne, kumi, mamia, hata huwa punje. Na punje zikikua, nuru hugonga juu yake, nasi twaona weupe. Mwisho huzama.

Tazama vipimo. Lita moja ya maji huyeyusha chumvi gramu 360 hivi. Chokaa haifiki hata gramu 2. Bali kile cheupe kilichozaliwa, ambacho ni aina moja na chaki na mawe ya matumbawe ya pwani, huyeyuka miligramu 14 tu katika lita moja ya maji matupu, yaani kadiri ya punje chache za mchanga. Hii ndiyo kanuni ya mashapo yote: vitu viwili viyeyukavyo vikikutana na kubadilishana wenzi, na mmojawapo wa ndoa mpya akiwa hayeyuki, huyo huanguka chini akiwa mgumu.

Kasi nayo ina kazi yake. Mashapo yakitokea ghafula, punje huwa nyingi na ndogo, laini kama unga. Yakitokea polepole, punje huwa chache na kubwa, nazo huzama upesi. Jambo hili tutalikuta tena katika mitambo ya maji.

Mwalimu akiendelea kupuliza kwa muda mrefu, ataona ajabu nyingine: weupe hutoweka, maji hurudi kuwa maangavu. Hewa ukaa ikizidi, huigeuza chaki kuwa bikaboneti, ambayo huyeyuka. Na maji hayo yakichemshwa, hewa ukaa hutoka na weupe hurudi. Watu wa Mombasa walijua jambo hili muda mrefu kwa macho yao. Mvua hupenya katika mwamba wa matumbawe, huyeyusha sehemu yake, na kutokea kisimani. Maji hayo yakichemshwa, mwamba hurudi kuwa mgumu ndani ya birika, ukawa ukoko mweupe. Sabuni nayo ikiingia katika maji ya namna hiyo hukutana na kalsiamu na kuwa utando mzito usiotoa povu. Utando huo pia ni mashapo, na ndiyo sababu dobi wa pwani hutumia sabuni nyingi.

MAJI YA NYANDARUA YAFIKAPO MJINI

Jina la Nairobi latokana na maneno ya Kimasai yenye maana ya maji baridi. Lakini vijito vya mjini havikutosha kwa muda mrefu. Kwanza mji ulitegemea chemchemi za Kikuyu. Kisha likajengwa bwawa la Ruiru mwaka 1950, na bwawa la Sasumua mwaka 1956. Mwaka 1994 lilimalizika bwawa la Ndakaini katika mto Thika, lenye nafasi ya mita za ujazo milioni 70, nalo ndilo lililoupatia mji sehemu kubwa ya maji yake tangu hapo. Maji ya Ndakaini hupita katika mtambo wa Ng'ethu, sehemu za Gatundu, kusafishwa. Kisha huteremka kwa mabomba hadi matangi ya Gigiri na kugawanywa mjini.

Wakati wa mvua mito hushuka na udongo mwekundu wa mashamba. Chembe kubwa huzama zenyewe, lakini chembe za udongo mfinyanzi ni ndogo mno. Tena kila chembe ina umeme wa namna moja na wenzake, na umeme wa namna moja husukumana. Kwa hiyo chembe hazikaribiani, hazishikamani, na zaweza kuelea siku nyingi. Hapo ndipo inapohitajiwa shabu.

Wasomaji wengi wamekiona kipande cha shabu kwa kinyozi, kile cheupe kama barafu apakacho juu ya ngozi iliyokwaruzwa na wembe. Shabu ya mitambo ya maji ni ndugu yake, nayo huitwa salfeti ya alumini. Alumini yenyewe ni madini yale yale ya sufuria zetu. Watu wa Misri na Bara Hindi walitumia shabu kutuliza maji ya mito tangu zamani sana. Wao walijua kuwa yafaa; elimu ya siku hizi yatueleza kwa nini.

Shabu huyeyuka vizuri. Ikitiwa katika maji hufanya kazi mbili. Kwanza, ayoni za alumini zina umeme wa namna ya pili, nao huutuliza umeme wa chembe za udongo, zikaacha kusukumana. Pili, alumini hukutana na bikaboneti iliyomo katika maji kwa asili yake, na papo hapo huzaliwa mashapo meupe, laini kama uji mwepesi, yaitwayo hidroksidi ya alumini. Mashapo haya hayayeyuki. Huukumbatia udongo, huokota na vijidudu vingi, na yote huwa mabonge mepesi kama pamba.

Sasa msomaji ataelewa kwa nini maji hukorogwa mara mbili katika mitambo ya namna hiyo. Kwanza hukorogwa kwa nguvu kwa muda mfupi, ili shabu ienee mahali pote kabla ya mashapo kutokea upande mmoja. Kisha hukorogwa taratibu, ili mabonge madogo yagusane na kuwa makubwa. Kwa maana yakikorogwa kwa nguvu yatavunjika. Baadaye maji huingia katika matangi mapana, yakatulia, na mabonge yakazama. Yale machache yasiyozama huzuiwa na vichujio vya mchanga. Mwisho hutiwa klorini ya kuua vijidudu vilivyobaki.

Kazi hii haina desturi ya kukisia. Mtaalamu huchukua vyombo vya kioo, aghalabu sita, akatia maji ya siku hiyo, na katika kila kimoja kipimo tofauti cha shabu. Hukoroga, hungoja, hutazama ni chombo gani kimetoa mabonge mazuri na maji maangavu. Kwa kawaida hutosha makumi machache ya miligramu katika kila lita, nacho kipimo hupanda mvua ikizidi tope. Tena shabu huyafanya maji kuwa na uchachu kidogo, na maji yakichachuka mno, alumini hukataa kuwa mashapo na hubaki imeyeyuka. Kwa sababu hiyo hutiwa chokaa au soda itokayo katika magadi, ili kuirudisha hali ya maji mahali pake.

YALE AMBAYO SHABU HAIYAWEZI

Yasifikiriwe ya kuwa maji yaliyotulizwa kwa shabu tayari hayana ugonjwa. Vijidudu vingi huzama pamoja na mabonge, lakini si vyote. Vilivyobaki vyaweza kuleta kipindupindu na homa ya matumbo. Kadhalika, maji yaliyotoka mtamboni yakiwa safi yaweza kuchafuka njiani. Mahali ambapo maji hufunguliwa siku fulani tu, bomba hubaki tupu. Na penye ufa, maji machafu ya mtaro huingia ndani yake. Mtungi usiooshwa nao hufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa juu ya chupa.

Ziko pia pakiti ndogo za unga wa kusafishia maji ya matope, zilizotumika sana katika vijiji vya magharibi ya Kenya. Ndani yake mna chumvi ya chuma, ambayo hufanya kazi kama ya shabu, pamoja na klorini. Pakiti moja husafisha lita 10: maji hukorogwa, huachwa yatulie, huchujwa kwa kitambaa, kisha hungojwa dakika 20 ili klorini imalize kazi yake. Na mbegu za mlonge zilizotwangwa zaweza kutuliza tope, lakini haziui vijidudu. Maji hayo bado yahitaji moto.

MAJI YA VISIMA NA MENO YA WATOTO

Sasa tufike kwenye maji ya chumvi. Visima virefu vya Nairobi huteka maji yaliyokaa muda mrefu katika miamba iliyomwagwa na volkeno za zamani. Miamba hiyo ina madini ya floraidi, nayo huyeyuka katika maji. Floraidi kidogo huyasaidia meno. Ikizidi, huyaharibu. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika lita moja, na visima vingi vya Nairobi vimepimwa na kuonekana kuuvuka mpaka huo.

Kwa nini floraidi imebaki ndani ya maji hayo? Jawabu ni kanuni ile ile ya mashapo. Floraidi ikikutana na kalsiamu nyingi, hushikamana nayo na kuwa jiwe lisiloyeyuka vema. Lakini maji ya miamba hii yana sodiamu nyingi na kalsiamu chache, na floraidi haishikamani na sodiamu kwa namna ya kuzama. Haina wa kufunga naye ndoa. Basi huendelea kusafiri hadi katika mtungi, na katika kikombe cha mtoto.

Mtoto anywapo maji hayo miaka mingi, hasa kabla ya kutimiza miaka 8, wakati meno ya ukubwani yanapojengwa ndani ya ufizi, meno hutoka yakiwa na madoa meupe au ya kahawia, na hayasafishiki kwa mswaki. Floraidi ikiwa nyingi zaidi, na miaka ikiwa mingi, mifupa nayo huumia. Watoto wenye meno hayo si wachafu, wala wasichekwe shuleni.

Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Mvuke ukitoka, maji hupungua, na floraidi hubaki pale pale, hata kipimo chake kikazidi kidogo. Kitambaa hakiichuji. Kipimo cha kawaida cha shabu hakitoshi.

Lakini ziko njia. Huko Bara Hindi, katika miaka ya 1970, wataalamu walitengeneza njia ya kutia shabu nyingi pamoja na chokaa, ili mashapo ya alumini yazame na floraidi. Njia hiyo iliitwa Nalgonda, kwa jina la wilaya mojawapo ya huko, nayo ilijaribiwa pia Tanzania, karibu na Arusha. Huhitaji shabu mara nyingi zaidi ya ile ya kutuliza tope, na mtu wa kuipima kwa uangalifu. Huko Nakuru, Dayosisi ya Kanisa Katoliki ilitengeneza vichujio vya mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, kwa kuwa floraidi hupenda kushikamana na mfupa. Jambo linaloumiza mifupa ya mtu limegeuzwa kuwa dawa ndani ya kichujio.

YAFAAYO KUFANYWA NYUMBANI

Kwanza, mwulize mchuuzi maji yake yametoka wapi, ya mfereji au ya kisima. Maangavu peke yake si jawabu.

Pili, maji ya mfereji, au ya mvua yaliyotekwa kwenye paa safi, yawekwe kwa ajili ya kunywa na kupikia uji wa watoto, nayo yachemshwe au yatiwe klorini. Maji ya kisima chenye floraidi nyingi yatumike kwa kufua, kuoga na kusafisha nyumba.

Tatu, wenye majumba ya kupanga waliochimba visima wayapeleke maji yao kupimwa, mathalan katika maabara ya Mkemia wa Serikali, na wawaonyeshe wapangaji majibu. Hilo ni haki ya anayelipa kodi ya nyumba na kumlea mtoto ndani yake.

Nne, mitungi ioshwe, ifunikwe, na maji yachotwe kwa chombo chenye mkono mrefu.

Kila uchafu una njia yake ya kuondolewa. Tope huondolewa kwa shabu, vijidudu kwa moto au klorini, na kilichoyeyuka kwa kutafutiwa mwenzake atakayeshikamana naye na kuzama. Asiyezitofautisha njia hizi tatu atachemsha kwa bidii, atachoma makaa yake, na mtoto wake bado atanywa kile kile alichokusudia kumwepusha nacho.